Tathmini ya mifumo ya septiki: upi unaupa udongo nafasi ya kuzuia virusi?

Ukiomba makadirio ya septiki, mafundi wengi huanza na tangi: lita ngapi, vyumba viwili au vitatu, la zege au la plastiki. Suala la maji yanakwenda wapi baada ya hapo huja mwishoni, kwa sentensi moja tu: "Kisha tutachimba shimo la kunyonya." Kwa anayechota maji ya kisima, au mwenye jirani anayechota, mpangilio huo ni kichwa chini miguu juu. Tangi halizuii virusi. Kinachovizuia ni udongo ulio chini ya bomba la mwisho, na ubora wa mfumo wowote uko katika namna unavyoulisha udongo huo maji. Kwa hiyo tathmini hii inatoa alama kwa jambo moja tu, yaani virusi. Harufu, uzuri wa mifuniko na urahisi wa kunyonya tope hatukuvigusa.

Tangi tulimalize haraka. Kazi yake ni kuyatuliza maji kwa siku moja au mbili ili vizito vizame, mafuta yaelee, na maji ya katikati yatoke. Mayai ya minyoo, yenye mikromita 50 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), mengi huzama pamoja na tope. Virusi vilivyoshikamana na vipande vya kinyesi navyo huzama kiasi. Vilivyobaki ni vidogo mno kuzama: norovirus, ile ya kutapika na kuharisha, na kirusi cha homa ya ini A vina nanomita 30 hivi (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), na rotavirus haifiki hata 100. Vinatoka na maji kama vilivyoingia. Mtoto anayeharisha kwa rotavirus anaweza kutoa virusi zaidi ya bilioni 10 katika gramu moja ya kinyesi, kwa hiyo mgonjwa mmoja tu nyumbani anatosha kubadili kabisa kinachotoka tangini.

Unga wa bakteria na vimeng'enya vinavyouzwa kwa ajili ya septiki, kwa upande wa virusi, tunavipa sifuri. Kitu kimoja cha tangini kinachostahili pesa ni chujio la kutokea, lile linalokaa kwenye bomba la kutolea maji. Haliwezi kukamata kirusi, lakini huzuia vipande na nyuzi visiende kuziba udongo. Lioshwe kila tangi linapokaguliwa, na maji ya kuoshea yarudi upande wa kuingilia.

Sasa udongo. Watu hudhani unachuja virusi kwa matundu yake, na sivyo. Nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga zinaweza kufika sehemu ya kumi ya milimita, yaani mara elfu tatu ya upana wa kirusi kidogo. Ni kutega mbu kwa jarife. Bakteria wa kinyesi, wenye mikromita moja au mbili, na vimelea vya Giardia, vyenye mikromita 8 hadi 12, hao ndio hukwama zaidi kwa sababu ya ukubwa wao. Kirusi hunaswa kwa kunata. Virusi vingi vikiwa ndani ya majitaka huwa na chaji hasi, na oksaidi za chuma na alumini, ile kutu inayopaka chembe za udongo, mara nyingi huwa na chaji chanya pale ambapo udongo hauna magadi mengi. Vinavutana, na kirusi kinaganda. Ndiyo sababu mchanga wenye wekundu wa kutu huwashinda virusi kuliko mchanga mweupe uliooshwa, hata kama mweupe unapendeza zaidi ukiwa kwenye lori.

Ila kirusi lazima kwanza kiifikie chembe, na hapo hewa ndiyo inayoamua. Udongo usipojaa maji, vinafasi vikubwa hushikwa na hewa, na maji hulazimika kutambaa polepole kama utando mwembamba juu ya chembe. Kirusi kilicho ndani ya utando huo hakina pa kujificha: kitagusa chembe, au kitanasa pale maji yanapokutana na hewa, na baadhi huharibikia hapohapo. Udongo uleule ukijaa maji, mtiririko huhamia kwenye vinafasi vikubwa na njia za mizizi na nyungunyungu, na kirusi hupita katikati bila kugusa chochote. Kwa virusi, sentimita 60 za udongo wenye hewa zina thamani kuliko mita kadhaa za udongo huohuo uliozama kwenye maji.

Kuganda pia si kufa. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hivi, virusi vingi hupoteza uwezo wa kuambukiza ndani ya siku au wiki kadhaa. Chini ya nyuzi 10, vingine hudumu miezi. Na katika muda huo vinaweza kuachia. Chumvi zilizomo kwenye majitaka husaidia virusi kusogelea chembe, na maji ya mvua karibu hayana chumvi. Mvua kubwa ikipenya kwenye uwanja wa septiki, yaani eneo la mitaro inayopokea maji ya tangi, sehemu ya virusi vilivyonaswa hubanduka na kuendelea na safari. Kuelekeza maji ya paa juu ya mitaro ya kunyonya basi ni kosa la mara mbili: yanaujaza udongo, na yanavisuuza virusi.

Ukifukua mtaro uliotumika miaka kadhaa utaliona jambo ambalo wengi hulisoma vibaya. Kokoto za chini zina ute mweusi, na pale zinapokutana na udongo pana tabaka jeusi la sentimita moja hadi tatu, linaloteleza kidoleni na kunuka yai viza. Ukishuka kidogo chini yake, rangi ya udongo inarudi, na konzi la udongo huo ukilibana halitoi hata tone. Tabaka hilo ni utando wa bakteria na masalia wanayoyala, na si dalili ya kuharibika. Ndilo koki ya mfumo mzima: hupitisha maji kidogo kuliko udongo wa chini unavyoweza kunyonya, na hivyo udongo wa chini hubaki na hewa yake. Kumbe basi mfumo mpya kabisa, ambao maji hupotea mara yanapomwagwa, ndio dhaifu zaidi kwa virusi, hasa kwenye mchanga, mpaka utando huo ujengeke katika wiki na miezi ya mwanzo. Tatizo ni utando unaponenepa kupita kiasi hadi maji yanatuama mtaroni muda wote. Hapo mtaro unakuwa umezidishiwa mzigo.

Inafika wapi kazi yote hiyo? Mfumo uliojengwa na kulishwa vizuri, wenye sentimita 60 hadi 90 za udongo wa kichanga au tifutifu usiojaa maji, unaweza kuondoa asilimia 99.9 ya virusi, na wakati mwingine zaidi. Inasikika kama imekwisha. Lakini lita moja ikiingia na virusi milioni moja, asilimia 99.9 ikaondoka, vinabaki 1,000, na kwa norovirus dozi ya makumi machache inaweza kutosha kumwangusha mtu. Ndiyo maana kanuni nyingi za ujenzi hudai vitu viwili kwa pamoja: sentimita 60 hadi 120 za udongo mkavu kati ya sakafu ya mtaro na maji ya ardhini au mwamba, kisha mita 15 hadi 30 kutoka mtaro hadi kisima. Cha kwanza ndicho chujio. Cha pili hununua muda tu.

Kabla ya kununua chochote, chimba shimo la ukaguzi lenye kina cha mita moja na nusu hadi mbili, pembeni mwa eneo la mitaro, na uusome ukuta wake kukiwa na mwanga. Kipimo cha kumwaga maji kwenye kitundu na kuhesabu dakika, kinachopendwa sana, kinaeleza kasi ya kunyonya peke yake. Kokoto na changarawe hufaulu kipimo hicho kwa kishindo, nazo ndizo mahali pabaya kabisa pa kumwaga virusi. Ukutani tafuta rangi. Udongo wa rangi moja, mwekundu, kahawia au njano, una hewa mwaka mzima. Mabaka ya kijivu yaliyochanganyika na madoa ya kutu yanaonyesha maji hupanda hadi hapo msimu wa mvua, hata kama siku ya kuchimba ni pakavu kabisa. Pima kina cha mkavu kuanzia sakafu ya mtaro hadi baka la kwanza la kijivu, si hadi maji unayoyaona.

Mwamba wenye nyufa ni onyo kubwa zaidi. Mwezi Juni 2007, kaskazini mashariki mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, watu 229, wateja na wafanyakazi wa mgahawa mpya, waliugua tumbo, na sita wakalazwa. Norovirus ileile ilipatikana kwenye maji ya kisima, kwenye septiki ya mgahawa na kwenye vinyesi vya wagonjwa. Kisima kilikuwa na kina cha mita 85 ndani ya mwamba wa dolomiti, umbali wa mita 188 kutoka uwanja wa kunyonya, na kisima na septiki vyote vilikuwa vimejengwa kwa kufuata kanuni. Rangi iliyomiminwa kwenye mfumo ilifika kisimani baada ya siku 6 ikitokea matangini, ambako kiungio kimoja kilivuja, na siku 15 ikitokea uwanja wenyewe. Mwamba wenye nyufa hauna chembe za kugusa, kwa hiyo umbali kwenye karatasi hausaidii. Huko Key Largo, Florida, kwenye chokaa yenye matundu, virusi vya majaribio vilivyotiwa chooni vilionekana kwenye mfereji wa jirani baada ya saa 11 tu.

Tuje kwenye mifumo yenyewe.

Shimo la kunyonya, lile la mita tatu na kuendelea lililojengwa kwa mawe au matofali yenye mianya, tunalipa 1 kati ya 5. Linapendwa kwa sababu linakula eneo dogo na humeza maji. Lakini linayapeleka maji chini ya udongo wa juu wenye hewa, linayasogeza karibu na maji ya ardhini, na linayasimamisha kwa kina kirefu juu ya sakafu ndogo, kwa hiyo udongo wa chini yake hujaa. Fundi akipendekeza kutoboa zaidi katikati ya shimo "ili linyonye vizuri," mkatalie. Anakujengea bomba la kwenda kisimani.

Mitaro mifupi kwa kina, yenye bomba la matundu na maji yanayoshuka kwa mteremko, tunaipa 3. Hesabu yake ni rahisi. Nyumba ya watu watano wanaotumia lita 150 kila mmoja hutoa lita 750 kwa siku. Udongo tifutifu wa kichanga tuupangie lita 25 kwa mita moja ya mraba kwa siku, ambayo ni kadirio la kiasi; mchanga wa chembe kubwa unaweza kupokea 30 na kidogo, mfinyanzi 10 au usifae kabisa. Unahitaji basi mita 30 za mraba za sakafu, yaani mtaro wa upana wa sentimita 60 wenye urefu wa mita 50, au mitatu ya karibu mita 17. Kina kisizidi sentimita 60 ikiwezekana, sakafu iwe tambarare kwa pima maji, kokoto zilizooshwa sentimita 15 chini ya bomba, juu kitambaa cha kuchujia kabla ya kurudisha udongo.

Udhaifu wake ni mgawanyo. Maji yakishuka kwa uzito wake hutoka karibu yote kwenye matundu ya mita chache za kwanza. Hapo udongo hujaa, na mita 40 zilizobaki hukaa bila kazi kwa miaka. Kisanduku cha kugawia maji nacho kikizama upande mmoja milimita chache tu, mtaro mmoja hubeba mzigo wa mitatu. Kiweke juu ya zege au kokoto zilizoshindiliwa, midomo ya mabomba iwe na vifuniko vya kuzungusha vya kurekebisha usawa, na kimwagiwe maji kila mwaka kuona kama mitaro yote inapokea sawa.

Wauzaji wa kuba za plastiki zinazochukua nafasi ya kokoto husema unaweza kupunguza urefu wa mtaro kwa theluthi au zaidi. Kama bidhaa ni nzuri: nyepesi, hazileti vumbi la kokoto, hujengwa haraka. Ila punguzo hilo likataliwe pale kisima kinapohusika. Maji ni yaleyale, virusi ni vilevile, udongo umepungua.

Mitaro ileile ikilishwa kwa pampu na mabomba membamba tunaipa 4 na nusu, na kama pesa inatosha jambo moja tu la ziada, liwe hili. Mabomba huwa ya milimita 25 hadi 50, yenye matundu ya milimita 3 hadi 6 kila baada ya sentimita 60 hadi 90. Pampu iwashwe na saa, isiwe na boya (linaloiwasha maji yakipanda) peke yake, ili lita 750 zigawanywe kwa vipindi vidogo mchana na usiku, mathalani lita 60 hivi kila baada ya saa mbili. Kila kipindi kinaulowesha udongo kidogo, kisha hewa inarudi kabla ya kingine, na hata mfumo mpya ambao haujajenga utando hupata mtiririko wa polepole. Siku ya kukabidhiwa, dai mabomba yawe wazi, matundu yaelekezwe juu, na pampu iwashwe: mirusho yote iwe na kimo karibu sawa. Mrusho wa mwisho ukiwa nusu ya wa kwanza, bomba ni jembamba mno au pampu ni dhaifu, na usilipe mpaka irekebishwe. Kila mwisho wa bomba uwe na kizibo kinachofunguka, kwa sababu matundu ya milimita 3 huziba, na yakiziba mgawanyo unarudi kuwa ule wa mteremko. Sehemu dhaifu ni umeme. Chumba cha pampu kiwe na nafasi ya kuhifadhi maji ya siku moja umeme ukikatika.

Pale ambapo maji ya ardhini au mwamba uko juu, hujengwa tuta la mchanga juu ya ardhi, nalo hulishwa kwa pampu. Tunalipa 4, kwa masharti. Mchanga uwe angalau sentimita 60, usiwe na vumbi zaidi ya asilimia 5 hivi, na kama kuna uchaguzi chukua wenye rangi ya kutu. Ardhi ya chini ilimwe kwa uma au jembe kufuata kontua, yaani kukingama na mteremko, isisawazishwe kwa tingatinga. Tuta lililojengwa kwa mchanga wa chembe kubwa uliooshwa sana na kulishwa kwa dozi mbili kubwa kwa siku hupitisha virusi kwa urahisi wa kushangaza kwa kitu kilichogharimu pesa nyingi hivyo.

Mitambo ya kupuliza hewa hutoa maji meupe yasiyonuka, na weupe huo huuza. Peke yake, 2. Inapunguza virusi kiasi, lakini maji yake masafi hayajengi utando wa kutosha udongoni, hupita kasi zaidi, na muuzaji mara nyingi ameshapunguza uwanja kwa kisingizio hichohicho. Ikiongezwa klorini au miale ya urujuanimno inapanda, mradi kuna mtu wa kuihudumia. Vidonge vya klorini hukwama ndani ya mrija vikilowa, na maji yakaendelea kupita bila dawa. Visiwe vya bwawa la kuogelea, wala aina mbili zisichanganywe mrijani, maana zinaweza kulipuka. Taa ya miale hufunikwa na ukungu wa chumvi na ute, na adenovirus huvumilia miale kuliko virusi vingine. Ikiwa utauchukua mtambo huu, bakisha uwanja wa ukubwa kamili.

Mengi yanayoharibu mifumo hii hutokea baada ya fundi kuondoka. Choo kinachovuja kimyakimya humwaga mamia ya lita kwa siku na kinaweza kuuongezea uwanja mzigo maradufu. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kusukumia maji, na rangi ikionekana bakulini ndani ya nusu saa bila kuvuta maji, badilisha raba. Gari likipita juu ya mitaro mara chache tu, udongo hugandamana na hewa hutoka. Kuchimba udongo ukiwa mbichi hupaka kuta na sakafu kama zimepigwa lipu. Kama udongo wa kina cha sakafu unaweza kuviringishwa mkononi ukawa uzi wa milimita 3, subiri ukauke. Ukiona nyasi zimestawi mstari mmoja tu, mgawanyo umeharibika, na udongo chini ya mstari huo umejaa.

Kwa upande wa kisima, kipimo cha kawaida cha bakteria wa kinyesi kikitoka kibaya, amini. Kikitoka kizuri, amini nusu, kwa kuwa virusi husafiri mbali zaidi ya bakteria na maji yanaweza kuwa na virusi bila bakteria hata mmoja. Maabara inayopima kolifaji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria wa utumbo, hutoa jibu la karibu zaidi na swali lako. Sampuli ichukuliwe siku chache baada ya mvua kubwa, si katikati ya kiangazi. Wakati wa kusubiri majibu, maji ya kunywa yachemke kweli kwa dakika nzima. Chujio la kauri la jikoni lenye matundu ya mikromita 0.2 halitoshi kwa kirusi cha nanomita 30.